Hadithi Bila Msimulizi: Historia ya Kadi na Makadirio katika Uundaji wa Programu

Sisi tunaosoma Kiswahili tukisikia neno hadithi tunamwona fanani, tunaiona hadhira, na masikioni tunasikia "Paukwa!" na jibu lake "Pakawa!" Katika ofisi za watengenezaji wa programu za kompyuta, neno hilohilo linataja kitu kingine kabisa: kadi ndogo yenye sentensi moja au mbili kuhusu jambo ambalo mtu fulani anataka programu imfanyie, na pembeni mwake nambari. Kadi hiyo huitwa hadithi ya mtumiaji. Nambari ni makadirio ya ukubwa wa kazi. Katika insha hii ninafuatilia kadi hiyo ilitoka wapi, kwa nini ilipewa jina la hadithi, na ile nambari ilifikaje pale. Hoja yangu ni kwamba kadi ilibuniwa ili iwalazimishe watu kuzungumza, na haikupita muda mrefu ikageuka kuwa karatasi ya kuwaondolea watu haja ya kuzungumza. Nambari nayo ilipita njia hiyohiyo: ilizaliwa ikiwa kisio, ikakua ikawa deni.

Huenda mhadhiri atakayeisoma kazi hii akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ametumwa na nani kwenye mambo ya kompyuta. Nilitumwa na njaa. Katika likizo ya mwaka wangu wa pili nilipata kibarua Kampala, katika kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza programu ya simu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa. Baadhi ya vikundi hivyo vilikuwa Busia, ambako wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka huelewana kwa Kiswahili, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri maneno ya kwenye skrini. Sikuonyeshwa programu yenyewe, wala sikukutanishwa na mtu yeyote wa Busia. Nilipewa kadi. Nilichokosea pale nitakieleza mwishoni. Kwanza historia, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu.

Mwezi Oktoba 1968 wataalamu wa kompyuta walikusanyika Garmisch, kusini mwa Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba programu kubwa zinachelewa, zinakula fedha kuliko bajeti, na zikifika hazifanyi kile kilichoombwa. Wengi waliona dawa ni kuwaiga wahandisi: ikiwa daraja halijengwi bila michoro, basi na programu isianzwe kabla mahitaji yote hayajaandikwa. Mwaka 1970 Winston Royce alichora hatua za kazi hiyo zikishuka kama ngazi, kuanzia mahitaji, kupitia uchambuzi na usanifu, hadi uandishi wa programu, majaribio na matumizi. Baadaye watu waliuita mchoro huo maporomoko ya maji, na jina likaukaa vizuri, kwa kuwa maji yakishashuka hayapandi. Jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni kwamba katika makala hayohayo Royce alionya kuwa kuifuata njia hiyo kama ilivyochorwa ni hatari, na akashauri kazi ifanywe mara 2 ili ile ya kwanza iwe funzo. Watu walinakili mchoro, wakaacha maelezo. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni zilizodai hati juu ya hati katika hatua za kazi, na kampuni nyingi zikaiga. Mteja alitia saini juzuu la mahitaji, akasubiri miaka, kisha akaletewa kile alichokitia saini, ambacho mara nyingi hakikuwa kile alichokihitaji.

Upande wa makadirio hali haikuwa bora. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alichapisha mwaka 1975 kitabu The Mythical Man-Month, akieleza kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa sababu wageni hao lazima wafundishwe na wale wale ambao tayari wamezidiwa na kazi. Alitoa na mfano wa mimba, ambayo haikubali kugawanywa kati ya wanawake 9 ili izaliwe kwa mwezi mmoja. Mwaka 1981 Barry Boehm akatoa fomyula yake maarufu, COCOMO, ya kukokotoa muda na gharama kutokana na idadi ya mistari ya programu. Fomyula ilikuwa kazi ya kisomi na ninaiheshimu, lakini ina utani ndani yake: idadi ya mistari huijui kwa hakika mpaka uwe umemaliza kuiandika. Ni sawa na kumwambia msafiri apime safari kwa kuhesabu hatua ambazo bado hajazipiga.

Kadi ziliingia kwa mlango wa nyuma, kama kifaa cha kufundishia. Ward Cunningham na Kent Beck walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kampuni ya Tektronix, jimbo la Oregon, na mwaka 1989 waliandika makala kuhusu namna ya kuwafundisha watu usanifu wa programu kwa kutumia kadi ndogo za karatasi, zile za kuandikia kumbukumbu za maktaba. Kila sehemu ya programu ilipewa kadi yake, na watu wakaizunguka meza wakizishika, wakizisogeza, wakizibishania. Kadi ni ndogo, kwa hiyo huwezi kuandika mengi. Inashikika, kwa hiyo unaweza kumpa mwenzako mkononi na kumwambia "hii yako." Na ni rahisi kuichana. Sifa hizo 3 zilikuja kuwa na uzito katika mradi ambao sasa ninaufikia.

Karibu na Detroit, kampuni ya magari ya Chrysler ilikuwa ikitengeneza mfumo mpya wa kulipa mishahara, uliokusudiwa kuwalipa wafanyakazi wapatao 87,000. Mradi ulijulikana kwa kifupi kama C3. Ulikuwa umekwama. Mwaka 1996 Kent Beck aliitwa kutoa ushauri, na ushauri wake ukawa kuanza upya. Aliyekaa na timu siku kwa siku kama kocha alikuwa Ron Jeffries. Hapo ndipo mtindo ulioitwa Extreme Programming, au XP, ulipopata umbo lake. Waprogramu walikaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, majaribio yaliandikwa kabla ya programu, na kazi ikagawanywa katika vipindi vya wiki 3. Mjuzi wa mishahara alikaa chumba kimoja na waprogramu. Badala ya juzuu la mahitaji, palikuwa na kadi. Kila kadi ilibeba jambo moja ambalo mfumo ungemfanyia mtu wa mishahara.

Kwa nini ziliitwa hadithi? Maelezo ambayo Beck aliyatoa baadaye, na ambayo Jeff Patton ameyaweka katika kitabu chake cha 2014, ni kwamba alikuwa akifikiria namna watu wanavyosimulia kwa furaha kuhusu programu mpya: naandika hiki, na papo hapo kile kinajijaza chenyewe. Hadithi ilikuwa tendo la kinywa. Kadi haikuwa hadithi. Kadi ilikuwa kamba unayojifunga kidoleni ili usisahau kwamba kuna hadithi ya kusikiliza. Mwaka 1998 Alistair Cockburn alitembelea mradi wa C3, na ndiye aliyeiita kadi ya namna hiyo ahadi ya mazungumzo. Nimetafuta ufafanuzi bora kuliko huo na sijauona.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo huenda Kiingereza hakilionyeshi. Neno letu hadithi limetoka katika Kiarabu, na huko linabeba maana ya mazungumzo na habari inayosemwa. Aidha, wenzetu Waislamu wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi kwa maneno yake peke yake. Huulizwa imepokelewa kutoka kwa nani, na huyo aliisikia kwa nani, hadi kufikia chanzo. Mnyororo huo wa wapokezi huitwa isnadi, na mnyororo uliokatika huidhoofisha hadithi hata kama maneno yake ni mazuri. Katika chumba cha C3 isnadi ilikuwa fupi kuliko zote: msimulizi alikuwa ameketi meza ya pili. Mprogramu aliyeshuku neno kwenye kadi aligeuza kiti tu.

Sasa nambari. Katika kitabu Extreme Programming Explained, kilichotoka mwaka 1999, Beck aligawa madaraka kwa namna ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya kijasiri: mwenye biashara ndiye anayeamua nini kifanywe na kipi kitangulie, na mprogramu ndiye anayesema kazi itachukua muda gani. Kabla ya hapo tarehe mara nyingi iliteremshwa kutoka juu, na aliye chini alibaki kuitafutia sababu. Mgawanyo huo uliyafanya makadirio kuwa sauti ya mfanyakazi.

Waprogramu wa C3 walikadiria kwa siku kamilifu, yaani siku ambayo mtu angeifanya kazi hiyo tu, bila mikutano, bila simu, bila kuitwa na yeyote. Siku kama hiyo haipo duniani. Kwa hiyo makadirio yalizidishwa, kwa kawaida mara 3 hivi, ili kupata siku za kalenda. Hesabu ilikwenda sawa, ila lugha ilileta balaa. Waliosikia "siku" walitaka kujua kwa nini kazi ya siku moja inamalizwa kwa siku 3, na kama watu wanalala kazini. Jeffries amesimulia kwamba ili kuondokana na maswali hayo waliacha kutaja siku, wakawa wanasema pointi. Hadithi hii ya pointi 2, ile ya pointi 3. Timu nyingine za XP zilikwenda mbali zaidi, zikakadiria kwa peremende za jeli zenye umbo la dubu, ili pasiwe na bosi wa kudai kwamba dubu mmoja ni saa 8. Mwanafunzi wa isimu atatabasamu hapa: kitengo cha kipimo kilibadilishwa jina kwa sababu za kipragmatiki tu, ili msikilizaji asikisie maana isiyokusudiwa.

Mwezi Mei 1997 mfumo wa C3 ulianza kuwalipa watu wapatao 10,000 waliokuwa wakipokea mshahara wa mwezi. Uliwalipa ipasavyo. Hata hivyo haukuwafikia wale wengine waliobaki, na mwanzoni mwa Februari 2000, Chrysler ikiwa imekwisha kuungana na Daimler-Benz ya Ujerumani, mradi ukafutwa. Wapinzani wa XP wameushikilia mwisho huo tangu wakati huo. Matt Stephens na Doug Rosenberg waliandika kitabu kizima mwaka 2003 kuikosoa XP, na mojawapo ya hoja zao ni hatari ya kutegemea maarifa ya kinywa na mteja mmoja aliyekaa na timu. Sioni haja ya kuikwepa hoja hiyo, maana sisi wa fasihi simulizi tunaifahamu kutoka nyumbani: kinachokaa kichwani mwa mtu huondoka na mtu. Lakini dawa ya fanani kuondoka ni kumtafuta fanani mwingine na kuongeza wanaosikiliza. Kuandika muhtasari wa hadithi na kuuita hadithi hakuponyi kitu.

Na hilo ndilo lililotokea, kwa nia njema kabisa. Mwaka 2001 ndio kiungo cha simulizi hii. Februari ya mwaka huo watu 17, wakiwemo Beck, Cunningham, Jeffries, Cockburn na Martin Fowler, walikutana katika hoteli ya michezo ya theluji ya Snowbird, jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi lililoupa mtindo wao jina la Ajaili, neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Walitanguliza ushirikiano na mteja mbele ya mivutano ya mkataba, na programu inayofanya kazi mbele ya hati nene. Mwaka huohuo Jeffries alieleza kwamba hadithi ina sehemu 3: kadi, mazungumzo na uthibitisho, yaani majaribio ya kuonyesha kwamba tulichoelewana ndicho kilichotengenezwa. Kadi ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Mwaka huohuo tena, London, timu ya kampuni ya Connextra ilianza kuandika kadi zake kwa kiunzi kimoja: mimi nikiwa fulani, nataka jambo fulani, ili nipate faida fulani. Kiunzi kilikuwa cha kuwakumbusha kuuliza nani anataka na kwa nini, kwa kuwa ombi lisilo na mwenyewe haliwezi kujadiliwa. Ninaamini ni chombo kizuri, hasa kile kipande cha "ili", kinachomlazimisha mtu kufichua haja iliyojificha nyuma ya ombi. Lakini kiunzi kinajazika. Mike Cohn alikieneza katika kitabu chake cha 2004, User Stories Applied, pamoja na maelezo marefu kuhusu mazungumzo, na yakawa yale yale ya Royce: watu walichukua kiunzi wakaacha maelezo. Mtu aliyekaa peke yake ofisini, ambaye hajawahi kuonana na mkulima, anaweza kuandika "mimi nikiwa mkulima" mara 40 kabla ya chakula cha mchana. Nafsi ya kwanza imeazimwa bila idhini ya mwenye nafsi. Katika uhakiki wa riwaya tungeuliza sauti hii ni ya nani; kwenye kadi hakuna aliyeuliza.

Karatasi nayo ikaondoka. Mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Sydney ilitoa Jira, programu iliyoanza kama ya kufuatilia hitilafu, na kwa miaka iliyofuata kadi za ofisi nyingi zilihamia humo na katika programu nyingine za aina hiyo. Faida ipo: timu iliyotawanyika katika miji 3 haiwezi kuzunguka meza moja. Ila kadi ya kwenye skrini haina mwisho. Unaweza kuijaza kurasa 5, ukaambatisha picha, ukampa mtu aliye mbali bila kumwambia neno. Zile sifa 3 nilizozitaja, udogo, kushikika na kuchanika, zilipotea zote kwa mkupuo mmoja.

Makadirio yalipata kinga kwa muda, na kinga hiyo ina nasaba ya kushangaza. Miaka ya 1950 watafiti wa taasisi ya RAND, California, akiwemo Olaf Helmer na Norman Dalkey, walibuni njia ya kupata maoni ya wataalamu bila mkubwa kumfunika mdogo: kila mmoja anajibu peke yake, majibu yanakusanywa, sababu zinasambazwa, kisha wanajibu tena. Waliiita Delphi, jina la mahali ambapo Wagiriki wa kale walikwenda kupigiwa ramli. Swali la jaribio lao mojawapo la mwanzo halikuhusu kompyuta. Liliwataka wataalamu wakisie ni mabomu mangapi ya atomiki ambayo Urusi ya Kisovyeti ingehitaji ili kupunguza uzalishaji wa silaha wa Marekani kwa kiwango fulani. Boehm aliichukua njia hiyo katika miaka ya 1970, akaongeza majadiliano ya ana kwa ana, akaitumia kwa makadirio ya programu. Kutoka mabomu hadi programu za mishahara: elimu ina safari zake.

Mwaka 2002 James Grenning, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, aliandika makala mafupi kuhusu mkutano wa mipango ambamo wakubwa wawili walibishana huku wengine wamenyamaza na muda unakwisha. Aliwapa watu karata zenye nambari. Kadi ya hadithi husomwa, watu huuliza maswali, kila mmoja huchagua karata kimya kimya, kisha wote hufunua kwa wakati mmoja. Mwenye nambari kubwa na mwenye nambari ndogo hueleza sababu zao, halafu mchezo hurudiwa. Unaitwa poka ya mipango, na Cohn aliueneza katika kitabu chake cha 2005 cha makadirio, akiwa na karata zinazoruka kutoka 5 hadi 8, 13, 20, 40 na 100. Nafasi kati ya nambari hupanuka kwa makusudi, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutofautisha kwa macho kazi ya 20 na kazi ya 21.

Kwetu mchezo huu una maana ya ziada. Mahali ambapo mdogo hamtangulii mkubwa kusema, mkubwa akishataja 3, kijana aliyewaza 13 humeza mate na kukubali. Kufunua kwa pamoja kunamwondolea aibu ya kupinga, maana amekwisha sema kabla hajajua anampinga nani. Na tuangalie thamani ya mchezo iko wapi. Haiko kwenye nambari inayoandikwa mwishoni. Iko katika ile dakika ambapo 3 na 13 zimelala mezani pamoja na watu wawili wanatambua kwamba walisoma kadi moja wakaelewa kazi mbili.

Lakini nambari ndiyo iliyosafiri. Mazungumzo hayaingii kwenye jedwali la bosi, nambari inaingia. Pointi zilizomalizwa katika kipindi zilijumlishwa zikaitwa kasi, na kasi, iliyokusudiwa kuisaidia timu kujua itabeba mzigo gani kipindi kijacho, ikawa kipimo cha kulinganisha timu na timu. Timu ikitakiwa kupandisha kasi kwa robo, hupata njia rahisi: kadi iliyokuwa ya 3 inakuwa ya 5. Hakuna aliyedanganya, kwa kuwa pointi haikuwahi kuwa na urefu wowote. Mwaka 2012 Woody Zuill alianza kuuliza hadharani kama makadirio yanahitajika hata kidogo, na mjadala huo haujapoa. Mwaka 2019 Jeffries mwenyewe aliandika kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi, na kwamba kama ni hivyo, anajuta. Ni nadra kwa mbunifu kusema hivyo akiwa hai na chombo chake kikiwa kinatumika dunia nzima.

Narudi Kampala. Kadi niliyopewa ilisema kwamba mimi nikiwa mwanachama nataka kuona kiasi changu, ili nijue nimesimama wapi. Badala ya "kiasi" palikuwa na neno la Kiingereza linalotumika kwa fedha iliyobaki katika akaunti na pia kwa sehemu ya mkopo ambayo bado haijalipwa. Nikaandika "salio", nikaenda kadi nyingine. Pembeni palikuwa na nambari 1: kubadili neno tu. Sikujua kwamba skrini ile ilikuwa ya mikopo.

Wiki chache baadaye mwanachama mmoja wa Busia alifungua simu akasoma "Salio: 180,000", akaenda kwa mweka hazina kuomba apewe 100,000 alipe karo. Mweka hazina, mama anayeuza mitumba, akamwambia hana akiba ya kiasi hicho. Simu inasema ninayo, akajibiwa. Wanachama wengine wakafungua simu zao, nao wakajikuta matajiri. Kufikia jioni watu walikuwa wanasema mama yule amekula fedha za kikundi, na kikao kikavunjika. Nilipelekwa huko pamoja na dada mmoja mwanafunzi wa uprogramu aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi. Mama alininyooshea simu yake.

"Mwanangu, hii ni pesa yangu au ni pesa ninayodaiwa?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kadi ilisema nini, sikujua kadi ilikuwa inazungumzia nini. Tukaketi na daftari lake la mkono kwa muda wa nusu saa, na katika nusu saa hiyo nikajifunza kwamba wao husema akiba kwa kilichowekwa na deni kwa kilichobaki kulipwa, kwamba hawajawahi kutumia neno salio kwa lolote isipokuwa muda wa maongezi, na kwamba deni lenyewe hubadilika kufuatana na faini za kuchelewa kikao. Faini hazikuwepo kwenye kadi yoyote niliyoiona.

Niliporudi, mkuu wa timu alisema, "Lakini kadi ilisema hivyo," na alikuwa sahihi. Nikajaribu kutafuta isnadi yake. Kadi iliandikwa na ofisa wa mradi. Ofisa aliitoa kwenye ripoti. Mwandishi wa ripoti alitembelea kikundi kimoja, katika wilaya nyingine. Mnyororo ulikatikia hapo. Kati ya wote waliosema "mimi nikiwa mwanachama", hapakuwa na mwanachama.

Kadi mpya iliandikwa kuhusu deni na akiba, ikapelekwa kwenye poka. Mimi sikuwa na karata, kwa kuwa anayekadiria ni anayetengeneza. Wanne walifunua 2. Yule dada wa mafunzo alifunua 13, na chumba kikacheka. Mkuu wa timu akainua mkono kuwanyamazisha, akamwambia aeleze. Akaeleza faini, na kwamba kila kikundi kina kanuni yake. Mkuu wa timu akavuta kiti karibu.

"Dada, hizo faini zinaongezwa kabla ya riba au baada?"

Dada akasema hajui. Akachukua simu, akampigia mama wa Busia, akaiweka katikati ya meza.